Kufundisha programu kwa muziki chuoni: jibu kwa mwalimu mwenye kompyuta chache na intaneti ya kubahatisha

Swali: Shikamoo mwalimu. Nafundisha utangulizi wa programu kwa diploma mwaka wa kwanza, tunatumia lugha ya programu ya Python. Darasa lina wanafunzi kama sitini, maabara ina kompyuta ishirini, intaneti inakuja na kuondoka. Wengi wanakariri mifano ya kwenye notsi, ukibadilisha kitu kidogo kwenye mtihani wanapotea. Nimesikia kuna walimu wanatumia muziki kufundishia programu. Je, inafanya kazi kweli au ni burudani tu? Nianzie wapi? Mi mwenyewe sijui muziki.

Jibu: Marahaba mdogo wangu, pole na kazi. Huko kukariri unakokusema nakujua vizuri, mtu anakuandikia lupu (amri ya kurudiarudia) ya kujumlisha moja mpaka kumi bila kosa, ukimwambia sasa anza na tano uende mbili mbili anakuangalia tu. Nikujibu moja kwa moja: ndiyo, muziki unafanya kazi, na wewe kutojua muziki sio kikwazo, humo darasani kwako kuna watu wa kwaya, kuna wapiga kinanda, kuna vijana wanatengeneza biti kwenye simu usiku kucha, hao upande wa muziki watakubeba. Ila kuna namna ya kuutumia muziki ambayo wanafunzi wanafurahi mwezi mzima na mwisho wa siku programu hawajui, na hiyo ndo nataka tuiongelee zaidi kwa sababu ndo inayowakuta walimu wengi.

Kwanza ushahidi, maana mkuu wa idara atakuuliza. Chuo cha Georgia Tech kule Marekani waliamua mwaka 1999 kwamba kila mwanafunzi wa chuo, hata anayesoma biashara au usanifu wa majengo, lazima apite kozi ya kompyuta. Kozi ilikuwa moja kwa wote, na wale ambao fani zao ziko mbali na kompyuta wakawa wanafeli au kuacha njiani kwa wingi, nusu yao hawafiki mwisho. Mwaka 2003 Mark Guzdial, mwalimu wa hapo, na wenzake wakaanzisha kozi nyingine, dhana zile zile za lupu na if (sharti) na listi na fankisheni (kipande cha programu kilichopewa jina ili uweze kukiita), ila kazi za kufanya zote ni za picha na sauti, unaandika lupu ya kupunguza sauti ya rekodi, unageuza maneno yasikike kinyumenyume, unaunganisha vipande. Waliofaulu kwenye makundi yale yale wakapanda mpaka kama asilimia 85. Sasa sikiliza hii, ndo ninayoiheshimu zaidi: mwaka 2013 Guzdial mwenyewe alikaa akapitia ushahidi wa miaka 10 na akaandika wazi kwamba watu kubaki kwenye kozi, hilo lina ushahidi, lakini kwamba wanajifunza zaidi kuliko wa kozi ya kawaida, hilo ushahidi wake haujasimama. Kwa hiyo kwa mkuu wa idara ahidi kwamba watabaki na watahudhuria. Usiahidi kwamba watajua zaidi kwa sababu tu kuna muziki, kujua kunategemea kazi utakazowapa, na hapo ndo kuna shughuli.

Shida iko hivi. Ukimpa mwanafunzi maktaba ya sauti zilizokwisha tengenezwa, ngoma hapa, besi hapa, kinanda hapa, na amri moja ya kuweka sauti kwenye wimbo, atafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya, ataandika mstari mmoja kwa kila sauti, mistari hamsini imepangana, wimbo unalia vizuri kabisa na darasa linapiga makofi. Fungua sasa programu yake uisome. Hamna lupu, hamna if, hamna fankisheni hata moja. Kapanga sauti, na angeweza kuzipanga kwa mausi kwenye programu yoyote ya studio akamaliza haraka zaidi. Huwezi kumlaumu, kazi uliyompa haikudai kingine. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja tu, dhana mpya iingie darasani siku ile ambayo wimbo hauendi bila hiyo dhana, yaani mwanafunzi aanze kuchoka kuandika mstari ule ule mara kumi na sita, aulize mwenyewe "hamna njia fupi?", hapo ndo unamwonyesha lupu. Ukimwonyesha kabla hajachoka ataikariri kama alivyokariri zile za kwenye notsi.

Na faida kubwa ya sauti kwa anayeanza, kubwa kuliko hata furaha, ni kwamba kosa linasikika. Fikiria programu ya kawaida ya wastani wa alama, inatoa 54.3 badala ya 56.1, mwanafunzi atajuaje imekosea? Hakuwa na picha yoyote kichwani ya jibu linavyotakiwa kuwa, ameona namba imetoka anainua mkono, mwalimu nimemaliza. Lakini wimbo anaoufahamu tangu utotoni anao tayari kichwani kabla hajagusa kibodi. Nilikuwa na binti mmoja, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya kwao, alikuwa anaandika mstari wa kwanza wa wimbo wao nota kwa nota. Akauendesha, akakunja uso palepale, "hapana, hapa zimegongana". Hakuna era, yaani ujumbe wa kosa, kwenye skrini, programu kwa maana ya lugha iko sawa. Akarudia kusikiliza, akaanza kugonga meza kwa kidole huku anasoma mstari kwa mstari, alipofika nota ya tano kidole kikasimama, alisahau amri ya kusubiri kati ya nota ya nne na ya tano kwa hiyo zilikuwa zinalia pamoja. Hiyo kugonga meza huku unasoma programu ndo kazi ngumu kuliko zote kuwafundisha wanaoanza, kufuata programu hatua kwa hatua kichwani, na yeye kaifanya bila mtu kumwagiza. Tangu hapo mi naidai kwa kila mtu: kabla hujaendesha programu, isome na ugonge mdundo wake mezani, alafu endesha tuone kama umegonga sawa.

Sasa zana. Kwa hali ya intaneti yako anza na Sonic Pi. Aliitengeneza Sam Aaron pale Cambridge, Uingereza, mwaka 2012, kwa ajili ya masomo ya shule kwenye zile kompyuta ndogo za Raspberry Pi, ni ya bure, inaingia kwenye Windows, Mac na Linux, na ukishaisakinisha haihitaji intaneti tena, sauti na maelezo yote yamo ndani. Daunlodi mara moja sehemu yenye mtandao mzuri, weka kwenye flashi, zunguka nayo maabara. Kama kompyuta zenu ni za zamani sana jaribu kwanza kwenye moja kabla hujatangaza kwa darasa.

Najua utasema lugha ya Sonic Pi ni Ruby na silabasi yenu ni Python. Usiogope, wiki nne za mwanzo tu, na sehemu utakayoigusa ni ndogo. Amri mbili zinatosha siku ya kwanza: play 60 inapiga nota, sleep 0.5 inasubiri. Hiyo 60 ni namba ya nota kwenye MIDI, mfumo wa kuzipa nota namba uliopo tangu 1983, ndo ile C ya katikati ya kinanda, 61 ni funguo inayofuata, 62 inayofuata, na kuendelea. Wape dakika kumi wacheze na namba hizo mbili bila maelekezo, watajua wenyewe kwamba namba ikipanda sauti inapanda na kwamba ukisahau sleep nota zinarundikana.

Hapo ndo watu wako wa kwaya wanapoingia kazini. Kwaya nyingi za makanisa yetu zinasoma nota za d r m f s l t, na mtu wa kwaya anajua bila kufundishwa na yeyote kwamba do inahama, leo do iko C kesho iko G na wimbo unabaki ule ule. Hiyo ni veriabo, jina linalobeba thamani unayoweza kuibadilisha, anaijua tangu akiwa mtoto, wewe kazi yako ni kumwonyesha inavyoandikwa tu. Mwambie hesabu za kupanda kutoka do ni hizi: re ni 2, mi ni 4, fa ni 5, so ni 7, la ni 9, ti ni 11. Alafu andikeni pamoja:

msingi = 60
play msingi
sleep 0.5
play msingi + 4
sleep 0.5
play msingi + 7

Hapo umepiga do mi so. Sasa waambie kiongozi wa kwaya kasema wimbo uko chini, pandisha. Aliyeandika namba kavu 60, 64, 67 anabadilisha mistari yote, aliyetumia msingi anabadilisha mmoja. Waache waone wenyewe nani anamaliza kwanza, usiseme kitu. Angalizo dogo, mtu atataka kuiita veriabo yake do, na itakataa, kwa sababu kwenye Ruby do ni neno la lugha yenyewe, linafungua bloku, na ujumbe wa era utakaotoka hausemi hivyo waziwazi. Usimwepushe kabla, acha akutane nayo, alafu fundisha kwamba kila lugha ina maneno yake ambayo huruhusiwi kuyafanya majina, na kwenye Python wakija kuita kitu class au for watakumbuka.

Kutoka hapo lupu inakuja yenyewe kwenye ngoma. Mdundo wa mapigo manne unarudiwa mara nane, nani anataka kuandika mistari yote hiyo? Na kasi ya wimbo ni namba moja juu kabisa, use_bpm, yaani mapigo kwa dakika, waambie waweke 95 kama bongo fleva ya polepole alafu 220 waende kwenye singeli, mdundo ule ule, na darasa litalipuka, waache dakika mbili kisha waulize: ni mistari mingapi imebadilika? Mmoja. Kwa nini mmoja? Hayo mazungumzo yana thamani kuliko slaidi ishirini.

Listi nazileta kwa kutenganisha nota na muda, kwa sababu wimbo wa kweli nota zake hazilingani urefu:

hatua = [0, 2, 4, 4, 2, 0]
muda = [0.5, 0.5, 1, 0.5, 0.5, 1]
6.times do |i|
  play msingi + hatua[i]
  sleep muda[i]
end

Kila mtu alete wimbo wake, mstari mmoja tu, aubadilishe kuwa listi mbili. Atakosea urefu, nota ziko tisa na muda ziko nane, programu itapiga vizuri mpaka nota ya mwisho alafu inakufa. Kosa hilo watakutana nalo kwenye Python semista nzima, sasa hivi angalau wanasikia limetokea wapi. Na hapo ndo unaeleza kwa nini i, namba ya mzunguko, inaanza na sifuri. Kuna njia ya sauti ya kuliingiza hilo ambayo mi naipenda sana: watu wote wanajua ngoma inavyofunga, mizunguko mitatu ya kawaida, wa nne mpigaji anazungusha mikono kwa kasi kabla ya kurudi mwanzo. Wape kazi hiyo, mizunguko minane, kila wa nne uwe wa kufunga. Wakifika kwenye if wataandika i % 4 == 0, yaani baki la kugawanya i kwa 4 ni sifuri, na watasikia kufunga kunakuja mwanzoni kabisa, wimbo haujaanza tayari unafungwa. Darasa litacheka, nawe uliza, mzunguko wa kwanza i ni ngapi? Sifuri. Wa nne je? Tatu. Basi i % 4 == 3. Nimefundisha alama hiyo ya asilimia kwa mifano ya namba shufwa na witiri kwa muda mrefu na haikuwa inakaa, ila ikishaunganishwa na ngoma ya kufunga inakaa.

Fankisheni nazo zina mahali pake pa wazi, kiitikio. Wimbo una beti tatu, kiitikio kinarudi baada ya kila ubeti, unaandika define :kiitikio do mara moja unakiita mara tatu. Ila usiishie hapo, wengi wanaishia hapo na mwanafunzi anabaki anadhani fankisheni ni njia ya kufupisha tu. Kwenye nyimbo za injili kiitikio cha mwisho mara nyingi kinapandishwa ki (key), kila mtu anaijua hiyo, kanisa zima linasimama. Sasa kiitikio hicho kinahitaji kupokea msingi kutoka nje: kiitikio 60, kiitikio 60, alafu kiitikio 62. Hapo mtu ameelewa parameta kwa maana yake kabisa, kazi ile ile, kitu kimoja kinabadilishwa na anayeiita. Ukitaka kuhakikisha ameelewa mwambie aongeze parameta ya pili ya kasi, ukikuta anaweza peke yake, songa mbele.

Kuna kitu kimoja nitakieleza kwa urefu kwa sababu kitakutokea na kitakuchanganya kama hujajiandaa. Ngoma zetu nyingi zina mapigo ya tatu kwa mbili, mkono mmoja unagawa muda mara tatu mwingine mara mbili, na vijana watataka kuiandika. Mtu ataandika sleep 1/3 na nota zote tatu zitalia kwa pamoja kama pigo moja. Ataangalia programu yake juu chini haoni kosa, maana kosa halionekani. Kwenye Ruby 1 na 3 zote ni namba kamili, kwa hiyo jibu la kugawanya nalo linakuwa namba kamili, na theluthi moja ikikatwa desimali inabaki sifuri, programu inasubiri sekunde sifuri. Ukiandika 1.0/3 inatulia. Kwenye Python 3 alama hiyo ya kugawanya inakupa 0.333 bila matatizo, lakini kwenye C na Java, ambazo watakutana nazo mwaka wa pili, mtego ni ule ule. Chukua somo zima kwenye hili. Waambie waprinti 1/3, 2/3, 3/3, 4/3 watabiri kwanza kabla ya kuendesha. Aina za data huwa ni sura inayochosha kwenye kila kitabu, hapa wana sababu ya kuitaka kwa sababu ngoma yao haichezeki.

Wale wepesi wako, wapo kila darasa, wape hii: mapigo matatu ndani ya nafasi nane yagawanywe kwa usawa iwezekanavyo, inatoka 1 0 0 1 0 0 1 0, mdundo unaousikia kuanzia Kuba mpaka kwenye dansi letu. Kisha matano ndani ya nane, saba ndani ya kumi na mbili. Waandike fankisheni inayopokea namba mbili na kurudisha listi. Godfried Toussaint wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alionyesha mwaka 2005 kwamba njia ya Euclid, ile ya kale ya kutafuta kigawo kikubwa cha shirika, inazalisha midundo mingi ya asili ya dunia, ikiwemo ya Afrika. Sonic Pi ina amri tayari ya hiyo kazi inaitwa spread, usiwatajie mpaka wamalize ya kwao.

EarSketch nayo inafaa uijue, imetoka Georgia Tech pia, ya bure, inatumia Python au JavaScript moja kwa moja kwenye brauza, kwa hiyo kwa silabasi yako ingekuwa karibu zaidi, na ina amri inaitwa makeBeat ambayo mdundo unauandika kama maandishi, sifuri ni pigo, alama ya kutoa ni kimya, nzuri sana kufundishia stringi, yaani data ya maandishi. Ila inataka intaneti muda wote, na ule ugonjwa wa kupanga sauti hamsini niliousema mwanzo unaanzia huko kwa urahisi zaidi maana maktaba yake ya sauti ni kubwa na tamu. Ukiitumia weka sharti, kwa mfano wimbo wa dakika moja na nusu usizidi mistari thelathini. Sharti hilo moja linawalazimisha kutafuta lupu na fankisheni bila wewe kusema neno. Strudel, zana nyingine ya kuandika muziki kwa programu, nimeona vijana wanaipenda, inafanya kazi hata kwenye brauza ya simu, ila kwa anayeanza siipendekezi, ina lugha yake fupi ya kuandika midundo inayoficha lupu ndani, na lupu ndo tunataka waione.

Wiki ya tano rudi Python, na uje na kitu kinachovuka daraja. Hapo ndo ninapoenda ndani ya sauti yenyewe, na haihitaji kusakinisha chochote kwa sababu Python inakuja na moduli ya wave. Sauti kwenye kompyuta ni listi ndefu ya namba, 44,100 kwa kila sekunde, kwa rekodi ya kawaida ya biti 16 kila namba iko kati ya -32,768 na 32,767. Wimbo wa dakika tatu wa chaneli moja ni namba 7,938,000. Hakuna mtu ataandika hiyo kwa mkono, lupu inajitetea yenyewe. Wachukue sekunde tano za sauti zao wenyewe, wazidishe kila namba kwa 0.5, sauti inashuka, wazidishe kwa mbili, kwenye sehemu za kelele namba zinapita kikomo, na wajifunze kuweka if ya kuzibana kati ya -32,768 na 32,767, waisikie sauti inavyopasuka hata baada ya kubanwa. Wageuze listi, wasikie maneno kinyumenyume. Na kwa wanaopenda hesabu, nota yoyote ya MIDI inageuka kuwa masafa kwa fomula moja, 440 * 2 ** ((n - 69) / 12), nota namba 69 ni 440, ukipanda hatua 12 inakuwa 880. Fankisheni ya kwanza inayorudisha jibu badala ya kupiga kelele, na jibu lake unaweza kulihakiki kwa sikio.

Kitu ambacho usikiache hata wiki moja: kila dhana iliyoingia kwa muziki ipewe ndugu yake asiye wa muziki wiki hiyo hiyo. Listi ya nota leo, kesho listi ya alama za testi na kutafuta ya juu kabisa. If ya ngoma ya kufunga leo, kesho if ya makato ya kutuma pesa kwa simu, kiasi kati ya hiki na hiki kinakatwa kiasi hiki. Usipofanya hivyo utakuta mtu ni fundi wa lupu kwenye Sonic Pi alafu kwenye mtihani wa Python yuko pale pale alipokuwa, kwa sababu kichwani mwake lupu ni kitu cha ngoma. Nimeona darasa zima likiwa hivyo, na wanafunzi wenyewe ndo wanaumia, wanajiona walielewa alafu matokeo yanasema vingine.

Kuhusu kompyuta ishirini kwa watu sitini, watatu kwa mashine moja sio janga kama utawapa majukumu, mmoja anaandika, mmoja anasoma na kugonga mdundo, mmoja anasikiliza akiwa amefumba macho na kusema kilichokosekana, alafu wanabadilishana. Hedifoni usitegemee chuo, waambie waje na za simu zao, za waya, zile za bluetooth zinachelewesha sauti kidogo na kwenye mdundo uchelewaji huo unawachanganya. Sauti za kurekodi kwa simu, ngoma, makofi, filimbi, geuza ziwe WAV kwanza, na kwenye Windows ukiandika njia ya faili tumia mkwaju wa mbele, C:/sauti/ngoma.wav.

Alafu waulize mapema, faragha, kama kuna wasiopenda kufanya kazi na nyimbo au ala kwa sababu za imani. Wapo, na wasilazimishwe wala kuwekwa pembeni. Wafanye kazi ile ile kwa makofi, kwa sauti ya mvua kwenye bati, kwa maneno waliyorekodi wenyewe, dhana za programu hazipungui hata moja. Na mwenye shida ya kusikia, EarSketch inachora sauti kwenye nafasi zake kwenye skrini na Sonic Pi inaonyesha mawimbi, ila mi huwa naongeza sharti kwamba kila programu iprinti namba za nota na muda wake, hapo anafuata kwa macho sawa na wenzake.

Kusahihisha: utamu wa wimbo usiupe alama hata moja. Ukiupa, mpiga kinanda atapata A na mwenzake aliyeelewa programu vizuri zaidi ila sikio lake ni zito atapata C, na hao wa pili ndo uliwaanzishia mpango huu. Mi nampa mwanafunzi dakika tano mbele yangu na programu yake mwenyewe, namwambia fanya kiitikio kije mara mbili mwishoni, au pandisha ubeti wa pili tu, au nionyeshe namba ipi ukiibadilisha besi inachelewa. Aliyeinakili kwa mwenzake anajulikana ndani ya dakika ya kwanza. Kwenye mtihani wa karatasi wape programu fupi waandike safu ya mapigo itakayotoka, 1 na 0, sawa na wanavyoandika matokeo ya kuprinti, na swali la pili liwe programu hiyo hiyo imebadilishwa namba moja.

Anza na kundi moja la maabara semista hii, sio darasa zima, ili uone wapi pa kurekebisha. Ukikwama kwenye kusakinisha niandikie, nitajie Windows ni toleo gani na kama sauti inatoka kwenye programu nyingine za kompyuta hiyo, maana mara nyingi tatizo linaanzia kwenye spika sio kwenye Sonic Pi.